Gari Lililowaka Ilemba na Kugoma Milanzi

Mliponiaga pale gereji kila mmoja wenu alisimama akasema neno zuri, na karibu maneno yote yalikuwa ya uongo. Mmoja alisema Mama Krista hajawahi kukosea gari. Nilikunywa soda yangu nikanyamaza, maana siku ya kuagwa mtu habishani na sifa. Lakini nimekaa nyumbani wiki mbili sasa, bustani nimeipalilia mpaka magugu yameniishia, na sifa ile imekataa kunitoka kichwani. Basi nimechukua daftari la Krista la shule, lile lililobaki kurasa nyingi, niwaandikie.

Sitaandika mambo ya vyeo, kwa sababu sikuwa navyo. Nitaandika juu ya tatizo moja tu, lile la gari linalopiga tak halafu haliwaki. Mnalijua. Mteja anazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, chini ya boneti inasikika tak, kisha kimya. Kati ya matatizo yote ya umeme wa gari hilo ndilo nililolipenda kuliko mengine, na ndilo lililoniaibisha.

Siku yangu ya kwanza gereji nilifika na cheti cha ufundi kimewekwa kwenye karatasi ya nailoni kisilowe. Fundi umeme wa pale alikuwa Mzee Fidelis, mtu mfupi aliyevaa koti mwaka mzima, hata Oktoba. Cheti hakukitazama. Aliniuliza, "Unasikia vizuri?"

Nikasema nasikia.

"Masikio yote mawili?"

Nikasema yote. Akaniketisha kwenye tairi kuukuu, mgongo wangu ukiwa umeelekea lori lililokuwa limegoma, akapanda, akazungusha ufunguo. "Umesikia nini?"

"Tak."

"Tak gani?"

Sikujua kama kuna tak zaidi ya moja. Nilikaa kwenye tairi lile siku tatu. Wateja wakiingia walinipita wakaenda kumtafuta fundi nyuma yangu, na hilo liliendelea kwa miaka mingi baada ya tairi lile kuchomwa moto. Siku ya tatu Mzee Fidelis alifungua stata moja mbovu juu ya gunia akanionyesha. Mgongoni mwa stata kuna kopo dogo, tunaliita swichi ya stata. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unafika kwenye lile kopo na kuvuta chuma kilichomo ndani. Chuma kinagonga shaba, na hapo ndipo njia ya umeme mkubwa inapofunguka, ule wa kuzungusha injini. Ile tak ni chuma kinagonga shaba. Kwa hiyo ukisikia tak ujue umeme mdogo umefika. Kinachobaki ni kutafuta ule mkubwa umeishia wapi.

"Ikiwa tatatata, nyepesi, ya haraka," alisema, "mara nyingi betri imechoka. Ikiwa moja nzito, mara nyingi ni shaba za ndani zimelika, au kaboni za stata zimeisha, au waya mnene umelegea mahali."

Yule mzee kila alichosema alikiwekea "mara nyingi" mbele. Mimi zile tak nilizishika zote. Ile "mara nyingi" sikuishika.

Vifaa vyake havikujaza hata ndoo. Alikuwa na spana namba kumi, bisibisi, msasa, taa ya kupimia aliyoitengeneza kwa globu ya indiketa na vipande viwili vya waya, na mita ya kupimia volti. Mita aliihifadhi kwenye soksi ya mtoto, ya sufu, kwa sababu aliamini baridi ya hapa Ufipa inaifanya idanganye. Sikuwahi kuthibitisha hilo, ila na mimi nimeilaza mita ile kwenye soksi ileile tangu macho yake yalipofifia akaniachia, na sitaki mtu anicheke.

Nyie mna ile mashine ya kuchomeka chini ya usukani, mnasoma majibu kwenye simu. Ni nzuri. Lakini gari linalopiga tak halina cha kukwambia kwenye simu, na nimewaona mnavyolizunguka mkiwa mmeishikilia simu juu kana kwamba mnatafuta mtandao.

Sifa yangu ilianzia kwa Mzee Masanja. Alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia upande wa Kasense na ng'ombe wake, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Pikapu yake iligoma kila Jumatatu asubuhi. Siku nyingine zote iliwaka. Alishabadilisha stata kwa ushauri wa watu wa kijiweni, na Jumatatu iliyofuata ikagoma vilevile. Nilikwenda kwake mwezi wa saba, asubuhi ile ya baridi ambayo ukishika chuma mkono unakataa kukiachia. Nikafungua boneti. Akazungusha ufunguo, nikasikia tatatata. Nikaweka mkono juu ya injini, baridi kali. Kwenye boksi la hewa, baridi kali. Nikaweka mkono juu ya betri.

Betri haikuwa na baridi.

Nilibaki nimeinama pale kwa muda, mkono uko juu ya betri, nikifurahi peke yangu. "Mzee, hii betri imelala wapi?"

Mzee Masanja aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Wewe mama, nani kakwambia?"

Ilikuwa imelala sebuleni. Kila Jumapili aliitoa kwenye gari, akaiunganisha na televisheni, ukoo mzima ukatazama mpira, na alfajiri akairudisha kabla mkewe hajataka kwenda mnadani. Kwa nini hakusema tangu mwanzo? Alijibu kwamba hakuna fundi aliyemuuliza.

Habari hiyo ilimfikia kila mwenye gari mjini. Wakaanza kusema Mama Krista hapimi, anasikia tu. Wengine walinipigia simu wakaniwekea spika karibu na injini, nami niko jikoni kwangu nasonga ugali, nikawaambia ni nini kimeharibika. Mara nyingi nilipatia. Mita ikawa inakaa kwenye soksi wiki nzima, na mimi nilijipenda sana miaka ile. Naona nisilifiche hilo.

Sasa nifike kwa Desderi.

Kulikuwa na mradi wa kuchimba visima uliokuwa na ofisi ya kupanga pale Milanzi. Haupo tena, na watu wake wametawanyika. Gari lao lilikuwa moja, pikapu ya dizeli, na dereva wao mmoja, Desderi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kusoma masomo kanisani Jumapili, na kila alipofika gereji alifuta miguu kabla ya kukanyaga sakafu yetu ya mafuta. Alikuwa anajenga Kasense, na mkewe Leonsia alilima ulezi hukohuko. Kazi yake ilikuwa kushusha mabomba na mafundi visima bondeni, Ilemba na vijiji vya jirani, kisha kupanda nao tena milima mpaka mjini.

Meneja wa mradi aliitwa Bwana Anselmo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili, na mtu wa mafaili akikosa karatasi anaumwa.

Pikapu ililetwa kwangu mwezi wa sita kwa kusukumwa. Nilikuwa na magari matatu yananisubiri. Desderi akazungusha ufunguo, nikasikia tatatata nyepesi, nikasema bila hata kuinua kichwa, "Betri." Wakanunua mpya. Nikaifunga, nikasugua vichwa vyake kwa msasa, gari likawaka kwa mguno mmoja. Nikaandika kwenye karatasi ya gereji: betri imekufa, imebadilishwa. Nikapiga mhuri.

Kwa kawaida betri mpya ninaiwekea alama. Nachora herufi yangu kwa msumari kwenye risasi ya kichwa chake, ili mtu asije akanirudishia betri ya mjomba wake. Siku hiyo sikuchora. Sina sababu ya kuwapa zaidi ya kwamba nilikuwa na haraka.

Wiki tatu baadaye, katikati ya kipupwe, simu ikalia. Alikuwa Bwana Anselmo. Gari limegoma tena, asubuhi, uwanjani pake Milanzi, na linatoa mlio uleule.

"Fundi, nikuulize. Betri mpya inaweza kufa kwa wiki tatu?"

"Haiwezi," nikasema.

"Sasa hii imekufaje?"

"Labda siyo ile."

Maneno matatu hayo niliyasema nikiwa nimeshika chuma cha kuchomelea risasi mkono wa pili. Mjini kulikuwa na visa vya madereva kubadilisha betri za magari ya ofisi, kila mtu alijua, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa sahihi. Akaniomba nimwandikie. Alimtuma mlinzi wake mchana, nami nikaandika kwamba betri mpya haiwezi kufa kwa muda ule, na kwamba iliyomo sasa huenda si ile niliyofunga. Nikapiga mhuri. Gari sikwenda kulitazama.

Siku mbili baadaye Desderi alikuja gereji kwa miguu kutoka Milanzi. Alifuta viatu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Lipo. Limesukumwa, linatembea. Nimekuja na hii."

Ilikuwa barua ya kujieleza. Ndani ya siku saba aeleze kwa maandishi kwa nini asiachishwe kazi kwa kubadilisha betri ya mradi. Nyuma yake imebanwa karatasi yangu, na mhuri wangu umekaa katikati, umeiva vizuri.

Nilimsubiri anitukane. Hakutukana. Alisimama pale, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu isiyotoka.

"Mama, mimi sijagusa betri. Lakini sikuja kubishana na maandishi yako, wewe ndiye fundi. Nina swali moja tu. Kama hii ni betri mbovu niliyoiokota mahali, mbona Ilemba inawasha?"

"Inawasha?"

"Kila siku. Nikilala kule, asubuhi inawasha. Mchana inawasha. Naizima kisimani mara kumi, inawasha mara kumi. Bondeni haijanigomea hata siku moja. Ikishapanda huku ikalala, asubuhi ndiyo inagoma. Betri inajuaje kwamba imefika Milanzi?"

Nitawaambieni ukweli. Nilipaswa kuona aibu kwanza, na aibu ilikuja baadaye, nyingi ya kutosha. Lakini kitu cha kwanza kunijia kilikuwa udadisi. Nilisahau barua, nikasahau mhuri. Betri inajuaje kwamba imefika Milanzi? Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa gerejini, na aliyeniuliza ni mtu niliyemwandikia wizi.

"Kesho unashuka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa moja."

"Nipitie."

Asubuhi nilitoa mita kwenye soksi. Desderi alikuja gari likiwa limesukumwa tayari na walinzi wawili, hakulizima. Tulivuka uwanda, mashamba ya mahindi yamebaki mabua, watu wamejifunika mablanketi mabegani, kisha barabara ikaanza kuteremka. Mnaijua ile njia. Kila kona unayoikata unavua nguo moja. Nilianza na koti na sweta, nilipofika Ilemba nimebaki na gauni, jasho linanitoka.

Njiani aliniambia kwamba wakimfukuza kwa wizi hakuna ofisi Sumbawanga nzima itakayompa ufunguo wa gari. Alilisema kwa sauti ya kawaida, huku anakwepa shimo. Nilitazama dirishani.

Ilemba tulizima. Nikaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kusikia tak maishani mwake. Nikapima betri ikiwa imetulia: volti kumi na mbili na nukta sita. Betri nzima kabisa. Nikamwambia piga stata, nikapima tena wakati inazunguka: imeshuka kidogo tu, kama inavyotakiwa. Gari likawaka. Basi betri hii ilikuwa mpya. Ilikuwa ileile yangu, ningekula kiapo. Nilikuwa nimeandika uongo kwa wino wa bluu.

Hapo mtu angeweza kufunga boneti akarudi. Lakini sababu ilikuwa bado haijaonekana, na Bwana Anselmo asingemwacha mtu kwa kiapo changu. Nikakumbuka kwamba umeme una safari mbili. Unakwenda kwa waya mwekundu mpaka kwenye stata, na lazima urudi nyumbani, kupitia chuma cha injini na ule waya mweusi mnene wa ethi uliofungwa kwenye injini, mpaka kwenye nega, kichwa hasi cha betri. Sote tunapima kwenda. Kurudi nani anapima? Nikaweka ncha moja ya mita kwenye nega ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini chenyewe.

"Piga."

Stata ikizunguka, kati ya sehemu mbili hizo mita isome karibu na sifuri. Njia ikiwa safi hakuna cha kupotea. Mita ilisoma volti moja na nusu.

"Piga tena."

Moja na nusu.

Nilicheka kwa sauti. Desderi akachungulia dirishani kuona kama nimepatwa na jua. Nikamweleza. Njia ya kurudi imeziba mahali. Huku bondeni injini ina joto, oili ni nyepesi, stata haihitaji nguvu nyingi, kwa hiyo kinachopita kinatosha. Juu kule asubuhi oili imekuwa nzito kama uji uliolala, stata inadai umeme mwingi, na njia iliyoziba haiwezi kuupitisha. Ile swichi ndogo ya mgongoni inaridhika na kidogo, inagonga tak zake. Injini haizunguki. Na mwezi wa sita nilipofunga betri mpya niliutikisa ule waya na kusugua upande mmoja, ukapata nafuu ya wiki tatu.

"Kwa hiyo si mimi," Desderi alisema.

"Si wewe."

Aliketi kwenye ngazi ya gari, akafunika uso kwa kofia yake kwa muda. Nilijifanya natafuta spana.

Ule waya nilitaka kuufungua palepale, ila nikajizuia. Nikiusafisha Ilemba, Milanzi gari litawaka, na tutakuwa na maneno tu. Tuliacha kila kitu kama kilivyo.

Tukageuza kurudi. Ilikuwa Ijumaa. Kabla ya kuanza kupanda, Desderi alisimama kwa mama mmoja auzaye samaki wa ziwani kando ya barabara. Yule mama hakuuliza kitu, aliinua kiroba kilichokuwa tayari, perege waliopakwa chumvi nyingi ili wafike mjini salama, na Desderi akakipokea akakifunga kwa kamba mbele kwenye bampa. Mnajua desturi ya madereva wetu. Samaki hakai ndani ya gari, maana litanuka mwezi mzima. Samaki anasafiri nje, mbele, anapigwa upepo.

Nilisimama mbele ya gari nikitazama. Kiroba kilikuwa kinadondosha maji ya chumvi. Nyuma ya kiroba kuna matundu ya kupitishia hewa. Nyuma ya matundu, upande wa kushoto wa injini, chini kidogo, ndipo ule waya wa ethi ulipofungwa.

"Desderi, hawa samaki unawabeba tangu lini?"

"Kila Ijumaa, mama. Mwaka wa tatu huu."

"Wa kwako?"

Akatazama barabara. "Wa Bosi."

Kanuni za mradi zilikataza gari kubeba mzigo wa mtu binafsi. Zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa Bwana Anselmo, zimesainiwa na Bwana Anselmo.

"Mama," Desderi alisema, "hilo la samaki naomba usilitaje. Nikimtaja nitapona leo, halafu mwezi ujao atanitafutia kosa jingine."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo iliniwia nzito njia nzima ya kupanda, na kila kona nilirudisha nguo moja mwilini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Milanzi kabla hawajafungua geti. Baridi ilikuwa ya aina yetu, upepo unapita ndani ya sweta. Nilimwomba Bwana Anselmo atoke ofisini, akatoka na faili kwapani. Nikamwomba akae yeye mwenyewe kwenye usukani, Desderi asimame mbali. Sikutaka mtu aseme dereva kafanya ujanja wa mkono.

Akazungusha ufunguo. Tatatata.

"Unaona?" akasema. "Betri."

"Shuka uone, Bosi." Nikampa mita aishike mwenyewe. Betri ilisoma kumi na mbili na nusu. Nikamwita mlinzi apige stata, nikaziweka ncha mahali pake. Mita iliruka mpaka volti tano. Nikamweleza kwamba karibu nusu ya nguvu yote inapotelea kwenye njia ya kurudi. Alitikisa kichwa kama watu wanavyotikisa wasipoelewa. Basi nikachukua waya wangu wa kubusti betri, nikabana upande mmoja kwenye nega, upande wa pili kwenye chuma cha injini, nikamrudisha kwenye usukani.

Gari liliwaka mara moja. Akazima. Nikatoa waya. Tatatata. Nikaurudisha. Likawaka. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne alikuwa anatabasamu, ameliacha faili juu ya kiti. Nadhani ndiyo mara pekee niliyompenda yule mtu.

Kisha nikafungua ile bolti ya waya wa ethi. Kwa juu ilikuwa safi, imetulia, ndiyo maana kila mtu aliipita. Chini yake, pale ambapo shaba inakutana na injini, kulikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani, umeshikana kama magadi. Nikauweka kiganjani nikamnyooshea.

"Hii ni nini?"

"Chumvi, Bosi. Imekula shaba."

"Chumvi? Imetoka wapi?"

Desderi alikuwa ukutani, hakuinua macho. Nilikuwa nimeahidi kutosema, na sikusema. Nilisogeza kiganja karibu zaidi, kama mtu anayempa mwenzake ugoro. Bwana Anselmo akainama, akanusa.

Bampa ilikuwa mita moja kutoka tulipo, na magamba mawili ya samaki wa jana yalikuwa yamekauka juu yake. Aliyaona, kwa sababu niliona anayaona. Masikio yake yalibadilika rangi.

Nilidhani ataomba radhi. Akachukua faili lake kwenye kiti, akatoa karatasi. Ilikuwa yangu.

"Fundi," akasema, "mimi sikumtuhumu mtu kwa kichwa changu. Hii imeandikwa na nani?"

Alikuwa anakimbia samaki wake, hilo nilijua. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo ile aibu iliyochelewa ilipofika yote kwa pamoja. Samaki waliharibu waya. Dereva aliharibiwa na mimi.

"Nimeandika mimi," nikasema. "Niliandika bila kupima. Gari lenyewe sikuliona." Nikamgeukia Desderi. "Nimekukosea. Nisamehe."

Desderi aliitazama ile karatasi mkononi mwa Bosi wake, kisha akanitazama mimi.

"Nimekusamehe, mama. Ila na hiyo iandike."

Mlinzi akaniletea kiti. Nilikaa uwanjani pale Milanzi, vidole vimekufa ganzi, kitabu cha gereji juu ya goti, nikaandika: Betri iliyomo ni ileile niliyofunga. Dereva hakubadilisha kitu. Gari liligoma kwa sababu ya waya wa ethi kuliwa na chumvi. Karatasi iliyosema huenda si ileile ilikuwa ya uongo, niliandika bila kupima, kosa ni langu. Jina langu, sahihi, mhuri. Bwana Anselmo aliisoma, akaitia kwenye faili, akasema kwa sauti ndogo kwamba ile barua ya kujieleza ameifuta. Akaingia ofisini akafunga mlango.

Nikasugua bolti, nikafunga waya, nikapaka grisi. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu Desderi alikuja akasimama pembeni, kofia mkononi.

"Mama, naomba nakala nyingine."

"Ya nini? Ya ofisi ameshaweka kwenye faili, umeona mwenyewe."

"Ya Leonsia," akasema. "Ile ya kwanza aliisoma. Ananiuliza kila siku betri nilimpelekea nani."

Nikakaa tena kwenye kiti cha mlinzi. Niliandika yote upya tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa herufi kubwa, taratibu, na pale nilipofika kwenye "kosa ni langu" nikapigia mstari.